Kibao cha Bibi

Siku tulipomwonyesha bibi yangu uso wake kwenye kompyuta, hakusema kama amependeza au hakupendeza. Aliangalia mpaka mwisho, dakika kumi na moja, mikono kaiweka mapajani, kisha akaniuliza swali moja.

"Hapo kwenye maandishi, mimi nimesema nini?"

Bibi hajui kusoma, na filamu ni bubu. Mdomo wake unafunguka, skrini inakuwa nyeusi, yanatokea maneno meupe yaliyozungushiwa mauamaua kama kadi ya mchango wa harusi, kisha uso wake unarudi. Maneno yale niliyaandika mimi, usiku, nikiwa nimelala chali na simu mkononi. Nikamsomea: "Mimi si mchawi. Uchawi haupo."

Alinyamaza kidogo.

"La kwanza kweli," akasema. "La pili nani kakwambia?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitu chochote nilichosomeshwa chuoni. Ninaliandika hapa kwa sababu sijalimaliza, na kwa sababu wenzangu watatu niliotengeneza nao filamu ile wanadhani nimelikuza.

Ububu wa filamu yetu haukuanza kama uamuzi wa kisanii. Ulianza kama umaskini. Tulikuwa watu wanne Mwanza, na kamera ya kuazima kwa jamaa anayepiga picha za harusi, ambaye aliihitaji kila Jumamosi. Tulitaka kutengeneza filamu ya kutisha yenye hadithi kadhaa fupi. Tulipiga onyesho la kwanza kwenye nyumba isiyomalizika kule Nyegezi, mlinzi wa usiku anasikia hatua ghorofani. Tuliporudi kusikiliza, hatua hazikusikika hata kidogo. Zilisikika bodaboda, jenereta, na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi nyumba ya tatu. Hakuna mzimu unaoweza kushindana na sauti ya nne ya kwaya ya vijana.

Mwenzetu anayehariri ndiye aliyesema, "Kwani ni lazima waongee?" Akatuonyesha The Call of Cthulhu, filamu ya mwaka 2005 iliyotengenezwa na H. P. Lovecraft Historical Society, kundi la Wamarekani wanaompenda mwandishi huyo, na kuongozwa na Andrew Leman. Ina dakika 47. Lovecraft aliandika hadithi hiyo mwaka 1926, na wale jamaa walijiuliza: kama mtu angeitengenezea filamu wakati uleule, ingekuwaje? Basi wakaitengeneza hivyo. Nyeusi na nyeupe, nyuso zimepakwa poda, bahari ya kitambaa, zimwi la kuchonga linalosogezwa kidogo na kupigwa picha, kidogo na kupigwa picha. Ndani yake mna visa vitatu, kimoja kimefungua mlango wa kingine. Vifaa vya kisasa walivyokuwa navyo walivitumia kuifanya picha ionekane imezeeka.

Sisi tuliona tumepata ufunguo. Tulijua pia kwamba filamu za kutisha zenye visa vingi zilianza katika enzi hiyohiyo ya ububu. Mwaka 1919 Richard Oswald alitoa Ujerumani filamu yenye visa vitano, Unheimliche Geschichten, ambamo picha za Ibilisi, Mauti na Malaya zinatoka kwenye fremu zake ndani ya duka la vitabu usiku na kuanza kusoma. Mwaka 1924 Paul Leni alitoa Das Wachsfigurenkabinett, kuhusu jumba la sanamu za nta. Leni alipanga visa vinne, fedha zikakata, akabaki na vitatu. Sisi tulipanga vitano. Mnaweza kukisia tulibaki na vingapi.

Cha kwanza kikawa cha yule mlinzi. Cha pili dereva wa bodaboda anayembeba mwanamke, akiangalia chini anaona kwato. Hiki kila mtu Tanzania amehadithiwa na binamu yake ambaye rafiki yake ilimtokea kabisa. Cha tatu kikawa cha bibi kizee anayeshukiwa.

Watu wa umri wetu hatukuhitaji kufundishwa filamu ambayo maneno yake hayatoki kwa wahusika. Tumekulia kwenye vibanda umiza. Tumewaona Wachina wakipigana huku Lufufu akiwasemea kwa Kiswahili, akiwapa majina, akiwatukana pale walipostahili. Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba yale ndiyo waliyosema. Nilipokuja kuona moja ya filamu zile ikiwa na sauti yake yenyewe, nilihisi kama nimeibiwa, ingawa aliyeibiwa tangu mwanzo, nadhani, alikuwa yule Mchina.

Nasema hili kwa sababu ububu si ukosefu wa maneno. Filamu bubu ina maneno mengi, tofauti ni kwamba mdomo uko kwa mmoja na maneno yako kwa mwingine. Anayeshika kibao ndiye anayesema. Anayeonekana anafungua kinywa tu.

Bibi yangu anaishi kijijini, wilaya ya Magu. Macho yake ni mekundu. Amepikia kuni miaka sitini, na kuni zilipoadimika amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake mtu yeyote wa Usukumani anaujua. Mtu yeyote wa Usukumani anajua pia macho mekundu ya kikongwe yanaweza kusomwa vipi. Wanawake wazee wamekatwa mapanga vitandani mwao Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora, kwa sababu ng'ombe wa mtu alikufa na mganga akapiga ramli. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi yenyewe ni ya mkoloni, ya mwaka 1928, na bado iko vitabuni. Inamwadhibu anayejidai kuwa na uchawi, inamwadhibu na anayemtaja mwenzake.

Basi hadithi ya tatu ilikuwa ya kumtetea. Hili nataka lieleweke. Hatukwenda kumfanya bibi mchawi, tulikwenda kuonyesha jinsi mtu anavyofanywa mchawi. Ng'ombe anakufa, jirani anamkumbuka bibi aliyepita kuomba chumvi, vijana wanakuja usiku. Alipoambiwa ataigiza alicheka mpaka akakohoa. Bibi huniita mume wake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume, akasema, "Mume wangu huyu ameshindwa kuninunulia khanga, sasa anataka kuniuza." Akakubali. Alituchinjia jogoo.

Tulipiga siku mbili. Jioni ya pili tulimweka karibu na jiko, mwanga unatoka chini, kamera karibu sana na uso. Mhariri wetu alikuwa akinong'ona, "Usipepese, bibi, usipepese." Na uso ule, nasema ukweli, ulitutia baridi wote wanne. Nilijivunia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mtu aliyenibeba mgongoni, na nilimwogopa, na nilifurahi kwamba nimemwogopa, kwa sababu maana yake picha imetoka.

Nilipokuja kuona Häxan, miezi mitatu baadaye, nilitambua furaha ile.

Häxan ni filamu ya mwaka 1922, kazi ya Benjamin Christensen wa Denmark kwa fedha za kampuni ya Sweden, Svensk Filmindustri. Ina sehemu saba na haifanani na kitu chochote. Inaanza kama mhadhara wa shule, picha za vitabu vya kale na fimbo ya kuonyeshea. Kisha inageuka kuwa visa, na Ibilisi mwenyewe anaingia akitoa ulimi, na anayemwigiza ni Christensen. Kuna kisa kirefu cha fundi wa kuchapa vitabu anayeugua. Wanamwaga risasi iliyoyeyushwa kwenye maji kujua aliyemroga, ramli kabisa hiyo, hata mganga wa kwetu angetikisa kichwa kukubali. Anaingia jikoni bibi kizee maskini, Maria mfumaji, kuomba chakula. Wanampa. Anakula kwa pupa, mchuzi unamchuruzika kidevuni. Na mke wa mgonjwa anamtazama, na sisi tunamtazama mke akitazama, na tayari tunajua.

Maria anakamatwa na kuteswa. Anakiri yote, hata kuzaa na Ibilisi. Kisha, na hapa ndipo filamu inapokuwa kubwa, anawataja wenzake. Anawataja wanawake walewale wa nyumba ile waliomtendea vibaya. Unaona usoni mwake kitu kinachofanana na kuridhika. Aliyesingiziwa anageuka msingiziaji, na mtego unaendelea kuzunguka hadi yule mke mdogo naye ananaswa.

Bibi anayemwigiza Maria anaitwa Maren Pedersen. Kuelekea mwisho Christensen anaweka kibao kinachosimulia kwamba wakati wa mapumziko mama huyu aliinua uso wake uliochoka, akamwambia kuwa Ibilisi yupo kweli, yeye mwenyewe amemwona amekaa kando ya kitanda chake.

Nilisimamisha filamu hapo. Nikatoka nje.

Christensen alikuwa na jambo la kusema. Filamu yake nzima inadai kwamba wale waliochomwa moto walikuwa wagonjwa, wapweke, wazee, na kwamba siku zake mambo yamekuwa bora kidogo tu, kikongwe mwenye kibyongo sasa anapelekwa nyumba ya wazee badala ya kuchomwa. Ni filamu ya huruma. Na ndani ya filamu hiyo ya huruma, mwanamke mmoja mzee anasema kwa kinywa chake jambo linalopingana nayo yote. Christensen angeweza kunyamaza, nani angejua? Hakunyamaza, aliyaandika. Nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake, nikiwa nimempachika bibi yangu sentensi aliyoikataa.

Lakini nilipoitazama tena sikuwa na uhakika. Kwanza, yale maneno aliyasema kwenye mapumziko, miguu inauma, hajui kama yuko kazini. Pili, tazama yamewekwa wapi. Yamewekwa ili yawe ushahidi: mnaona, hata leo, karne ya ishirini, bado wapo wanaoamini. Kwa hiyo amepewa sauti yake, ni kweli, lakini amepewa kama mdudu anavyopewa pini na lebo. Sijui kipi ni kibaya zaidi, kumwekea mtu maneno yako mdomoni, au kuchukua maneno yake halisi na kuyatumia kuonyesha kwamba amekosea.

Na kuna kibao kingine. Christensen anasema mmoja wa waigizaji wake, msichana, aling'ang'ania kujaribu kile kifaa cha kubania vidole gumba. Anakiri kwa utani kwamba hatatuambia maungamo ya kutisha aliyoyakamua kwa bibie yule kwa muda usiofika dakika moja. Msichana anacheka kwenye picha. Wengi wanaoiandikia filamu hii wanakipenda kipande hicho, kinachekesha. Mimi kilinikumbusha "usipepese, bibi".

Nafikiri mtu anayetengeneza filamu ya kutisha hatengenezi hofu. Anaazima hofu ambayo tayari watazamaji wanayo, kama vile kibatari kinavyoazima mafuta. Swali ni mafuta hayo yametoka wapi, na yakimwagika yatamuunguza nani. Denmark ilimuua mwanamke wa mwisho kwa hukumu ya uchawi mwaka 1693. Christensen alipomwasha Maria mfumaji, hofu ile ilikuwa imepoa zaidi ya miaka mia mbili. Maren Pedersen alirudi nyumbani kwake jioni na hakuna aliyemsubiri gizani. Tena Christensen, pamoja na huruma yake, hakuwa mwangalifu sana na ukweli: kibao chake kinataja watu zaidi ya milioni nane waliochomwa, wakati wanahistoria siku hizi wanazungumzia kama elfu arobaini hadi sitini. Makosa hayo hayakumdhuru mtu. Aliyezidishiwa hesabu alikuwa ameshakufa.

Sisi tuliazima hofu ya moto.

Na hapo ndipo mtindo wenyewe, ile nyeusi na nyeupe tuliyoipenda, ulipoanza kunisumbua. Mhariri wetu aliongeza mikwaruzo. Aliongeza vumbi, akafanya picha itetemeke kidogo kama imepita kwenye mashine ya mkono. Wale wa Cthulhu walifanya hivyo na hakuna tatizo, kwa sababu zimwi la baharini halijawahi kumtokea mtu. Lakini mikwaruzo ni sentensi. Inasema: haya yalikuwa zamani. Ukiweka vumbi la mwaka 1922 juu ya uso wa kikongwe wa Magu, umesema kwamba kikongwe huyo ni historia, wakati yuko hai na wanaomshuku wako hai, na panga liko nyuma ya mlango. Nikamwambia mhariri kwamba hilo vumbi ni uongo.

Jibu lake lilikuwa zuri, nalitoa hapa lote. Alisema, "Kwani bibi yako alikuwa akikuhadithia vipi? Si 'hapo zamani za kale'? Mfalme dhalimu kwenye hadithi alikuwa wa zamani za kale, wakati kila mtu pale motoni anamjua mtemi wa jana. Zamani ni pazia. Ukimwonyesha mtu wa Magu kitu cha leo, atauliza huyo ni nani, wa ukoo gani, anatoka upande gani wa mto. Mwekee vumbi, ataangalia bila kujitetea." Sina jibu kamili kwa hoja hiyo mpaka leo. Kila mara nikidhani nimepata, nakumbuka kwamba hadithi ya fisi na sungura ilinifundisha mambo ya watu kuliko taarifa ya habari.

Ila pazia linahitaji kubaki mahali pake, na letu halikubaki.

Mmoja wetu, simtaji, na hakuwa na nia mbaya, alichukua sekunde kumi na tisa za uso wa bibi na kuziweka kwenye status yake kutangaza kwamba kazi inakuja. Bila jina la filamu, bila vibao. Uso tu, mwanga kutoka chini, macho. Mtu akaipakua. Siku ya tatu binamu yangu akaituma kwenye grupu la ukoo ikiwa na maneno ambayo sisi hatukuyaandika, eti kikongwe kanaswa usiku wa manane akiwanga. Chini yake binamu kauliza: huyu si bibi?

Huo ndio mwisho mwingine wa ububu ambao hatukuuwazia. Uso usio na sauti yake unapokea kibao cha yeyote. Häxan yenyewe imepitia hayo kwa namna ya kistaarabu zaidi: mwaka 1968 ikatolewa upya imefupishwa, muziki wa jazi chini yake na sauti ya William Burroughs ikisimulia juu yake. Mwanamume mwingine tena, akiwasemea wale wanawake. Sisi tulisubiri siku tatu tu.

Tuliifuta. Kufuta siku hizi ni kama kuomba radhi kwa upepo. Kijijini hakuna aliyesema neno, wala hakuna aliyerusha jiwe. Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa akija kula kwa bibi kila jioni, akaacha kuja. Basi. Bibi alipika chakula kilekile siku nne, akakitupa, siku ya tano akapika kidogo. Mjomba alikuja kumchukua akakae kwake Kisesa, akasingizia kliniki ya macho. Alikaa miezi miwili. Katika miezi hiyo nililala vibaya, na sikuwa ninaogopa filamu.

Mwenyekiti wa kitongoji tulimfuata wenyewe na kompyuta. Aliitazama filamu nzima, akatikisa kichwa, akasema tatizo ni kwamba mmetuma nusu. Leteni yote, tuweke shuka pale ofisini, watu waone. Wenzangu walifurahi. Mimi nilisema kwanza ni lazima bibi aikubali, kwa sababu mara ya kwanza alikubali bila kujua anakubali nini. Alikubali kupigwa picha. Hakukubali kusemewa. Hayo ni mambo mawili, na sisi tuliyafanya moja kwa sababu alituchinjia jogoo na tukaona ameridhia yote.

Ndiyo tukaenda Kisesa, tukamwonyesha, naye akauliza amesema nini.

"Basi bibi," nikamwambia, "ungesema nini wewe? Niambie, nitaandika hivyohivyo."

Nilidhani hapo nimeshaimaliza dhambi yangu. Ilionekana rahisi: Christensen alimnukuu wa kwake bila kumuuliza, mimi nitamuuliza wa kwangu. Nitampa kibao.

Bibi alifikiri. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa maelezo kituoni: "Andika. Mimi si mchawi. Mchawi ninamjua, na kwenye picha hii hayumo."

Na akamtaja.

Ni mwanamke wa kijiji hichohicho, mzee kumpita yeye, anaishi peke yake upande wa mashamba ya mpunga. Macho yake sijui yana rangi gani. Bibi alieleza: mtoto wake wa pili, mjomba wangu ambaye sikumkuta, aliyefariki mwaka wa njaa. Alieleza siku na saa na aliyeonekana akipita. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinieleza kama anavyonieleza mpaka wa shamba.

Wenzangu wakanitazama. Mmoja akafunga kompyuta polepole.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipo. Nikiandika kibao changu cha kwanza, ninamlaza bibi chini na kumsemea kwa lugha ya semina. Nikiandika chake, chote, ninamtaja mwingine, na mjukuu wa huyo mwingine hana hata kamera. Nikiandika nusu ya kwanza tu, "Mimi si mchawi", nimekata kauli ya mtu mahali panaponifaa mimi, ndicho hasa nilichomlaumu Christensen. Mhariri anasema nusu ya kwanza inatosha, kila nukuu duniani imekatwa mahali. Mwenzetu wa tatu anasema tuondoe kibao kabisa, mdomo ufunguke na watu wasijue kasema nini. Niliona hilo linapendeza, kisha nikakumbuka zile sekunde kumi na tisa. Uso usio na kibao tumeshaujaribu.

Nimejiuliza kama heshima kwa mtu ni kumwacha aseme analoamini au ni kumlinda asije akafanya alilofanyiwa. Nilisoma falsafa kidogo, kozi mbili za lazima, na pale tulifundishwa kana kwamba mwonewa na mwonevu ni watu wawili. Maria mfumaji anawataja wenzake akiwa kwenye mateso, unaweza kumsamehe. Bibi yangu alimtaja jirani yake akiwa kwenye sofa la mjomba, soda mkononi. Ninampenda. Simwoni kuwa mjinga, na sitaki mtu aniambie ni elimu tu inakosekana, maana mganga aliyepiga ramli ya ng'ombe wa jirani yetu mmoja ni mtu wa kidato cha sita. Ila nimeacha kuamini kwamba kumpa mtu sauti ni tendo safi, ambalo ukishalifanya unanawa mikono. Sauti inakuja na watu ndani yake.

Hadithi mbili za kwanza tulizitoa. Ya mwanamke mwenye kwato ilipendwa sana, watu wakaomba iwe na mwendelezo. Ya tatu imo kwenye diski, dakika kumi na moja, na mahali pa kibao pana alama nyekundu ya mhariri iliyoandikwa "BADO".

Bibi alirudi kijijini mwenyewe, alisema Kisesa kuna kelele na maji yana chumvi ya bomba. Mwezi wa sita nilikwenda kumwona. Nilipokaribia uani niliona vikongwe wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja, miguu imenyooshwa, wakipukuchua mahindi, beseni moja katikati yao. Mmoja alikuwa bibi. Wa pili nilimtambua nilipofika karibu.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu pamoja.

Yule mzee aliniangalia sana. Macho yake ni meupe kabisa, yana ukungu kidogo wa uzee. Akamuuliza bibi kwa Kisukuma huyu ni mtoto wa nani. Bibi akajibu bila kuacha kupukuchua:

"Mume wangu huyu. Ndiye aliyenitia kwenye picha."

"Ahaa," yule mzee akasema, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. "Na mimi lini?"